Mchezo Usiwe Chujio

Katika shule nyingi za Bukoba na Muleba, kipindi cha michezo kikifika, mwalimu huwapanga watoto mstari, akachagua kumi na mmoja walio wepesi wa miguu. Waliobaki huambiwa washangilie. Ukiwatazama vizuri, ndugu mwalimu mtarajiwa, utawakuta ni wale wale: asiye na viatu, aliyechelewa kuandikishwa, msichana, mtoto anayelelewa na bibi yake baada ya kufiwa na wazazi. Mkoa wa Kagera umewajua watoto hawa kwa muda mrefu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa humu mwaka 1983, na nyumba nyingi zilikuja kubaki na wazee na wajukuu.

Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ililalamikia mafunzo yanayowaandaa wachache na kuwaacha wengi. Darasani tumelikubali neno hilo, angalau kwa mdomo. Uwanjani bado twachuja.

Sisi twaamini kwamba mchezo wenyewe hauwaunganishi watu. Sheria zake ndizo ziunganishazo au kutenga, na sheria za mchezo wa shuleni zimo mikononi mwa mwalimu. Akiamuru kwamba bao halihesabiwi mpaka kila mchezaji awe amegusa mpira, mara yule hodari atamhitaji yule mzito, naye atamwita kwa jina, labda kwa mara ya kwanza tangu muhula uanze. Wavulana na wasichana wachanganywe. Wote wacheze miguu mitupu, ili viatu visiwe sifa. Mpira wa majani makavu ya migomba watosha, na fundi wa kuufunga huenda akawa yule yule asiyechaguliwa.

Jambo Bukoba, shirika lililoanzishwa mwaka 2008 na Clemens Mulokozi, limefuata njia hiyo humu mkoani: walimu hufundishwa michezo yenye mafunzo ya maisha, wavulana na wasichana hucheza timu moja, na shule zinazoshinda husaidiwa kutekeleza miradi yao, kama vile vyoo au matangi ya maji. Hilo la mwisho latupendeza hasa, kwani maji ya tangi hayaulizi nani alifunga bao.

Wenzetu wengine hunung'unika kwamba shule ikicheza hivi haitapata wachezaji wa UMITASHUMTA. Hatuyabezi mashindano hayo. Mtoto anayetamani siku moja kuikanyaga Kaitaba ana haki yake. Basi timu ya shule na ichaguliwe siku nyingine.

Kuna na suala la saa, ambalo husahauliwa mno. Mtoto anayechota maji na kumpikia bibi yake hawezi kubaki shuleni mpaka saa kumi na moja jioni. Tukiyaweka mazoezi nje ya ratiba, tumekwisha kumtoa mchezoni kabla ya kupuliza filimbi. Kipindi cha michezo kiwe ndani ya saa za masomo, na mwalimu wa hesabu asikiazime.