Nauli ya Mtoto Mgonjwa

Mwezi huu sitasema juu ya michikichi. Nitasema juu ya saratani kwa watoto. Mimi ni bwana shamba, si daktari. Lakini bwana shamba huingia nyumba nyingi, na huona jinsi mgonjwa anavyotunzwa.

Saratani si ugonjwa wa wazee tu. Iko moja inayowapata watoto wa nchi zenye joto kama pwani yetu ya ziwa. Taya huvimba na meno hulegea. Mara nyingine ni tumbo linalovimba. Uvimbe hukua haraka sana. Daktari Denis Burkitt, aliyekuwa hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika habari zake mwaka 1958. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari kuelekea kusini, akiuliza hospitali nyingi njiani. Aliona kuwa ugonjwa uko mahali penye joto na mvua, lakini ni nadra milimani penye baridi. Baadaye wataalamu waliuhusisha na malaria ya mara kwa mara, pamoja na kirusi kilichogunduliwa mwaka 1964. Kwa hiyo si uchawi. Dawa zipo, na watoto wengi waliowahi wamepona.

Sasa tuangalie nyumbani. Mama ndiye huona uvimbe kwanza, anapomwogesha mtoto. Lakini katika nyumba nyingi hawezi kumsafirisha bila idhini. Humngoja baba. Baba yuko kambi ya dagaa, hatarudi mpaka mbalamwezi. Akirudi, husema baba mkubwa asikilizwe kwanza. Baba mkubwa husema aulizwe bibi. Bibi husema ni jino bovu, ling'olewe, au mtoto achanjwe chale. Wote wanampenda mtoto, na kila mmoja anafuata heshima. Wakati huo uvimbe unakua.

Wengine husema mama aondoke tu. Ni kweli, ikibidi aondoke. Lakini mtoto akifia safarini, lawama zote humwangukia yeye. Ndiyo maana namwomba mzee wa ukoo aseme yeye mwenyewe, jioni ile ile: "Nendeni." Baba apigiwe simu huko aliko. Neno hilo la mzee litamlinda mama njia nzima.

Mwanzo ni zahanati, kisha hospitali ya Maweni, ili apate barua ya rufaa. Watoto wa namna hii hutibiwa Bugando, Mwanza, na Muhimbili, Dar es Salaam. Pale Muhimbili shirika la Tumaini la Maisha limesaidia kwa miaka mingi watoto watibiwe bila wazazi kulipa. Lakini kutoka Kigoma mpaka Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Nauli na chakula ni juu ya familia.

Hapa ndipo nashangaa. Mtu akifa, kabla jua halijatua unga umeletwa, kuni zimeletwa, na fedha zimechangwa. Mtoto akitakiwa kusafiri, baba huuza nyavu peke yake. Mzee mmoja wa Ujiji aliniuliza: "Tukitoa nauli leo, na mtoto akafa kesho, si tutakuwa tumetoa mara mbili?" Nilimjibu ndiyo, mzee wangu, tutatoa mara mbili. Akacheka, lakini hakukataa. Basi vyama vyetu vya kufa na kuzikana vikae na kuandika katika kanuni kuwa nauli ya mtoto mgonjwa nayo hutolewa.

Liko na jambo la pili. Dawa za kwanza zikiingia, uvimbe unaweza kwisha upesi. Ndipo nyumbani wanapiga simu: "Mtoto amepona, rudini, wenzake wanalia." Mama anarudi, na ugonjwa unarudi kwa nguvu. Matibabu huchukua miezi. Daktari ndiye aseme yamekwisha, si sisi tulio nyumbani.

Miezi hiyo shangazi au bibi ahamie kwa watoto waliobaki. Na majirani wapalilie shamba la mama huyo. Mihogo ikiachiwa magugu miezi mitatu ya mwanzo, mavuno hupungua sana, na mama atarudi na mtoto anayehitaji kula vizuri.