Mchoraji asitudanganye

Katika nyumba nyingi za Bagira, ukiingia saloni unakuta tablo ukutani: ziwa Kivu la bluu, mtumbwi moja, miti ya kijani mpaka juu ya mlima. Ni nzuri, hatukatae. Lakini toka inje: kilima kimenyolewa miti, udongo unateremka pamoja na nyumba, na mvua ikinyesha, mashasheti na machupa ya plastiki yanashuka hadi ziwani, yanaenda kuziba mitambo ya umeme ya Ruzizi. Umeme ukikatika, tunakaa gizani chini ya tablo ya ziwa safi!

Wenzetu wanasema: kazi ya mchoraji ni kupamba, mambo ya uchafu yaachiwe wakubwa wa komine. Sisi tunakataa. Wakubwa wameandika tayari: amri ya mwisho wa 2017 ilikataza mashasheti ya plastiki katika Kongo yote. Soko haikuisoma. Pale amri inashindwa, desturi ndiyo inashika mtu, na picha inaweza kuamsha desturi.

Tuangalie kwa jirani. Nchini Uganda, mchoraji Taga Nuwagaba alichukua wanyama wa miko ya koo za Buganda, akawachora kwa rangi za maji, na mwaka 2014 akatoa kitabu Totems of Uganda. Mtu wa ukoo wa Ngeye haui mbega wala hamli. Wa Ngaali anaheshimu korongo mwenye taji, yule wa bendera ya Uganda. Tangu 2012 ndege huyo anahesabiwa kati ya walio hatarini kutoweka, maana vinamasi anamozaa vinakaushwa. Mtu wa ukoo akitazama picha ile haoni pambo, anaona ndugu.

Na sisi hapa Bushi? Wazee wetu nao walikuwa na miko yao. Leo watoto darasani wanachora vizuri gorila wa Kahuzi-Biega, mbuga iliyoanzishwa 1970. Uliza makala ya nyumbani yanatoka pori gani: kimya. Nasi walimu tunanyamaza, sababu jikoni kwetu ni makala ile ile.

Basi, ndugu wachoraji, choreni ziwa, lakini mutie na shasheti ndani. Choreni mlima na kisiki chake. Mnunuzi atakunja uso? Akunje. Na sisi wanunuzi, tulipie ukweli bei ile ile tulikuwa tunalipia uongo.