Tangi la Kobe Lisiwe Gereza
Wengi wamfugao kobe wa maji nyumbani hudhani kwamba beseni la maji safi latosha. Dhana hiyo ni potofu. Kobe huyo hupumua kwa mapafu, na mwili wake hupata joto kutoka nje. Kwa hiyo sharti apate jiwe kavu la kupandia aote jua, na kivuli cha kukimbilia. Jua la dirishani halitoshi, maana kioo huzuia sehemu kubwa ya miali ya urujuanimno iuwezeshayo mwili kutengeneza vitamini D. Akiikosa, mifupa na gamba hulainika. Tena kobe wa Marekani mwenye alama nyekundu nyuma ya macho huanguliwa akiwa na sentimita 3, naye huweza kuzidi 25. Asiyeweza kumjengea mkubwa, asimnunue mdogo.