Sabuni Bila Maji ni Kazi Bure
Baridi ya Juni hadi Agosti haiji bila mafua. Kinga ya nyumbani si ghali: sabuni, maji safi na dirisha lililo wazi. Antibiotiki tunazokimbilia kununua haziviui virusi vya mafua. Hata hivyo, nauliza: mama wa mtaa wa mabanda anayenunua maji kwa mtungi wa lita 20 atawanawisha wanawe mara ngapi kwa siku? Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kupata maji safi ya kutosha, na huduma hiyo ni jukumu la kaunti. Basi wakubwa wasituhimize kunawa tu. Mifereji yetu na itoe maji kwanza.