Nyumba ya Kupakiwa Mkokotenini



Mtu wa mjini amalizapo kujenga nyumba yake, hata iwe ya vyumba viwili na sebule, jambo linalofuata kumkosesha usingizi ni ukuta. Na baada ya ukuta, geti. Tumeyazoea hayo kiasi kwamba hatuulizi tena geti lina kazi gani zaidi ya kumzuia mwizi. Juma hili nakuomba tusafiri mbali, tulivuke bara letu zima na bahari ya Atlantiki, tufike Barbados katika visiwa vya Karibiani. Huko ukuta na geti vimekuwa bidhaa inayouzwa kwa wageni, tena kwa bei ambayo mimi na wewe hatuwezi kuitaja pasipo kukohoa kwanza.

Kisiwa chenyewe ni kidogo. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 430, yaani ukikiweka ndani ya Unguja chaingia mara tatu na nafasi ikabaki. Wakazi wake ni kama 280,000, na wengi wao ni wajukuu na vitukuu vya Waafrika waliopelekwa huko kwa nguvu kulima miwa ya Waingereza. Upande wa mashariki bahari ni kali na mawimbi hupiga mwaka mzima. Upande wa magharibi, katika parokia za St. James na St. Peter, maji ni matulivu kama ya mtungini, na jua hutua mbele ya macho yako. Wageni matajiri waliupenda upande huo, nao wafanya biashara ya nyumba wakaupachika jina la Pwani ya Platini.

Aliyeifungua njia hasa alikuwa Ronald Tree, aliyepata kuwa mbunge katika bunge la Uingereza. Alijijengea nyumba ya fahari ufukweni mwaka 1947, kisha akajenga hoteli ya Sandy Lane iliyofunguliwa mwaka 1961, ikiwa na uwanja wa gofu na viwanja vya kuuzwa kando yake. Matajiri wenzake wakamfuata. Katika miaka ya 1990 yakaja makazi kama Royal Westmoreland, yaliyopangwa tangu mwanzo kuzunguka uwanja wa gofu, yakiwa na lango moja kubwa, kibanda cha walinzi, na orodha ya majina. Jina lako lisipokuwamo katika orodha, hupiti.

Ndani ya lango hilo kuna nini? Kuna nyumba za mawe ya matumbawe zenye baraza pana, mabwawa ya kuogelea, nyasi zilizokatwa zikalingana kama zulia, na kimya. Kimya hicho ndicho kinacholipiwa zaidi. Wenye nyumba wengi huja kati ya Desemba na Aprili, wakati wa baridi kali kwao, kisha huondoka. Miezi mingine nyumba hupangishwa kwa wageni wa muda, au hubaki imefungwa huku mtumishi akiipangusa vumbi na mtunza bustani akimwagilia maua yasiyotazamwa na mtu. Hilo la kumwagilia si dogo, maana Barbados ni miongoni mwa nchi zenye uhaba mkubwa wa maji duniani. Katika miaka ya 2015 na 2016 wakazi wa parokia kama St. Joseph na St. Lucy walilalamika siku baada ya siku kwamba mabomba yao yamekauka.

Tuwe waadilifu, ndugu msomaji. Mgeni huyu hakuvamia. Sheria ya Barbados yamruhusu mtu asiye raia kununua ardhi na nyumba, mradi fedha zake zipite katika kibali cha Benki Kuu. Hakuna kodi ya urithi, wala kodi ya faida atakayopata akiuza. Serikali yenyewe humwita. Julai 2020, maradhi ya korona yalipokuwa yamezifunga hoteli, serikali ya Waziri Mkuu Mia Mottley ilianzisha kibali cha miezi 12 kwa wageni wanaofanya kazi za kampuni za nje wakiwa wamekaa kisiwani na mashine zao za kompyuta. Masharti yalikuwa mtu awe na mapato ya dola 50,000 za Marekani kwa mwaka, alipe ada ya dola 2,000, au dola 3,000 kwa familia, wala asidaiwe kodi ya mapato. Kisiwa kisicho na madini wala viwanda vikubwa, ambacho sukari yake haikilishi tena, huuza kilicho nacho: jua, bahari, utulivu. Mimi siwezi kumlaumu mwenye njaa kwa kufungua duka.

Lakini litazame geti hilo saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Barabarani husimama zile basi ndogo ambazo watu wa huko huziita ZR, kwa sababu vibao vyao vya namba huanza kwa herufi hizo. Mkazi wa Dar es Salaam angezitambua mara moja kwa mwendo wao, muziki wao na jinsi zinavyoshindilia abiria. Humo hushuka wapishi, watumishi wa nyumbani, yaya, watunza bustani na mafundi wa mabwawa. Wao hupita kando ya kizuizi wakionyesha vitambulisho, nayo magari hupita katikati. Mwaka 2021 sheria iliweka kima cha chini cha mshahara kuwa dola 8.50 za Barbados kwa saa, nacho cha mlinzi kuwa dola 9.25, dola mbili za huko ni sawa na dola moja ya Marekani. Viwango hivyo viliongezwa mwaka 2025. Hata hivyo, piga hesabu mwenyewe uone ni miaka mingapi mlinzi angelilinda lango hilo kabla ya kununua hata choo cha nyumba iliyo nyuma yake.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana watu wa Barbados walilijua jambo hili la nyumba na ardhi kabla geti la kwanza halijajengwa.

Utumwa ulikomeshwa kisheria katika makoloni ya Waingereza mwaka 1834, na ule utumwa wa kujificha ulioitwa uanagenzi ukaisha mwaka 1838. Katika visiwa vikubwa kama Jamaika, waliokombolewa waliweza kupanda milimani wakafyeka na kuanza vijiji vyao. Barbados haikuwa na mlima wa kukimbilia. Karibu kila shubiri ya ardhi nzuri ilikuwa mali ya wenye mashamba ya miwa. Mtu alikuwa huru, ila hakuwa na mahali pa kuuweka mguu wake huru. Basi akapewa kiwanja pembezoni mwa shamba, kwenye mawe, palipowashinda kupanda miwa, kwa sharti kwamba atalipa pango na kufanya kazi katika shamba hilo hilo. Akigombana na msimamizi, aliweza kuamriwa aondoke.

Nyumba aliijenga mwenyewe. Ardhi haikuwa yake. Utajengaje nyumba ya mawe juu ya ardhi ambayo waweza kufukuzwa juu yake? Mafundi seremala wa kisiwa hicho walipata jibu. Walijenga nyumba za mbao, ndogo, za vyumba viwili, zenye paa la mgongo wa tembo lililoinuka sana ili upepo wa tufani usilinyakue. Mlango ulikuwa katikati, na dirisha moja kila upande. Hawakuchimba msingi. Nyumba iliwekwa juu ya mawe yaliyopangwa bila kuungwa, nazo kuta zilifungwa kwa namna ambayo zingeweza kufunguliwa vipande vipande. Siku ya kufukuzwa ilipofika, ndugu na majirani walikusanyika, wakaifungua nyumba ukuta baada ya ukuta, wakaipakia mkokotenini, wakaisimamisha upya mahali pengine. Kwa Kiingereza cha huko iliitwa kwa jina lenye maana ya mali ya kuhamishika, kama kitanda au mbuzi.

Familia ilipopata senti kidogo iliongeza chumba nyuma; ikipata tena, ikaongeza kingine. Hata leo ukitembea vijijini waweza kuusoma uchumi wa ukoo mzima kwa kuhesabu mapaa kutoka mbele kwenda nyuma. Sijui kama kuna kitabu cha historia kilichoandikwa wazi kuliko hicho.

Fedha za kununua ardhi zilitoka wapi? Nyingi zilitoka ugenini. Wamarekani walipochimba mfereji wa Panama, kati ya mwaka 1904 na 1914, walichukua kwa mkataba Wabarbados wapatao 20,000, bila kuwahesabu waliojiendea wenyewe. Nao walikuwa wafanyakazi wa kigeni katika nchi ya watu, kama walivyo wageni wa Pwani ya Platini leo. Ila hawakupokewa hivyo. Huko Panama wafanyakazi waligawanywa katika orodha mbili. Orodha ya dhahabu ilikuwa ya Wamarekani weupe, wenye nyumba nzuri na mishahara minono. Orodha ya fedha ilikuwa ya watu weusi kutoka visiwani, wenye mabweni yao, maduka yao, hata dirisha lao peke yao katika posta. Wengi walikufa kwa baruti, maporomoko na homa. Waliorejea walirejea na akiba, na baadhi yao wakanunua vipande vya mashamba yaliyokuwa yakikatwa na kuuzwa. Nyumba zao hazikuhitaji mkokoteni tena.

Nakuomba ulishike neno hilo la orodha mbili, kwa sababu lugha nayo ina orodha mbili. Mpagazi avukaye bahari kutafuta kazi huitwa mhamiaji, na maswali huwa mengi: amekuja kufanya nini, atarudi lini, nani amemruhusu. Tajiri avukaye bahari hiyo hiyo hupewa jina jingine laini, lenye harufu ya vitambaa vya kitani, wala haulizwi atarudi lini. Huandaliwa orodha ya jina lake langoni.

Waliobaki katika viwanja vya kupanga walingoja muda mrefu. Barbados ilipata uhuru tarehe 30 Novemba 1966, lakini maelfu ya raia wake waliendelea kulipa pango la ardhi iliyo chini ya nyumba walizozaliwa. Mwaka 1980, wakati wa serikali ya Tom Adams, ndipo ilipopitishwa sheria iliyompa mpangaji wa muda mrefu katika viwanja vya mashamba haki ya kukinunua kiwanja chake kwa senti kumi za Barbados kwa futi ya mraba. Kiwanja cha futi za mraba 3,000 kikawa dola 300. Waliotia saini hati zao wakaanza kubomoa mbao na kupandisha ukuta wa matofali, wakijenga nyumba pole pole kuizunguka ile ya zamani, huku wanaishi ndani yake. Kwa mara ya kwanza walichimba msingi.

Kwa hiyo mtumishi ashukaye kwenye ZR na kupita kando ya kizuizi huenda anatoka katika nyumba ya namna hiyo, ambayo bibi yake aliiona ikipakiwa mkokotenini. Yeye alijua thamani ya kukaa mahali usiweze kufukuzwa kabla wauzaji wa majumba hawajaiandika katika matangazo yao. Na ndani, mtoto wa mwenye nyumba hukua bila jirani wa kubisha hodi kuomba chumvi. Hukutana na wenzake kwa miadi, kwa gari. Yaya humpikia ugali wa sembe uliosongwa pamoja na bamia, chakula cha taifa hilo, ambao ungekaa mezani kwako au kwangu pasipo mtu kuuliza umetoka wapi. Mtoto huyo huujua kama chakula cha yaya. Mimi naona umaskini katika hilo, ingawa wazazi wake wangenishangaa.

Kuna mahali pamoja ambapo lango halifiki. Sheria ya Barbados yasema pwani ni ya watu wote; hakuna anayeweza kumiliki mchanga unaofikiwa na maji. Ugomvi uliobaki ni juu ya njia ya kufikia. Ukisafiri kwa barabara kuu ya magharibi waweza kwenda mwendo mrefu huku bahari iko hatua chache upande wako, usiione, kwa sababu ya kuta. Kati ya ukuta na ukuta kuna vichochoro, na kila kichochoro kina historia ya malumbano: nani alikiziba, nani alikifungua.

Jumapili vichochoro hivyo hujaa. Familia huteremka kutoka vijijini na masufuria, mashelisheli ya kuchoma, samaki, na bibi wa kuwekwa kitini. Huketi juu ya mchanga mbele kabisa ya majumba hayo. Mpakani, kati ya ukuta na mchanga, huota mti wenye matunda madogo ya kijani yanayofanana na tufaha. Mti huo una sumu. Ukisimama chini yake wakati wa mvua, matone yake huchoma ngozi ikatoka malengelenge, na ndiyo maana mashina yake hupigwa mstari wa rangi nyekundu. Mtoto wa Barbados hufundishwa mapema kuutambua. Mgeni, hata aliye na nyumba pale nyuma, mara nyingi haujui, na mvua inapoanza ghafla yeye hukimbilia hapo kujikinga. Basi utawasikia wale wa masufuria wakimpigia kelele kutoka mbali atoke, atoke upesi, aje huku kwao.