Batli ya Seva na Saa za Pemba

Katika lugha ya mabaharia wa pwani limo neno batli, yaani daftari la chombo ambamo huandikwa mambo yaliyotukia safarini. Seva nayo, ile kompyuta inayotoa huduma za mtandao, ina batli yake. Sehemu muhimu ya batli hiyo aghalabu huachwa imefungwa, na watu huikumbuka chombo kikisha kwenda mrama.

Chukua mfano wa karani wa zahanati kaskazini mwa Pemba anayefungua programu ya majibu ya maabara. Badala ya majibu anapata namba 500. Namba hiyo husema kwamba kosa limetokea upande wa seva. Haisemi ni kosa gani. Mgonjwa aliyetoka Konde yuko barazani akisubiri. Tangu mwaka 2010 Pemba hupata umeme wa gridi kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga, na ni rahisi kila hitilafu isingiziwe umeme au mtandao. Lakini seva yenyewe imekodiwa ng'ambo, na shahidi aliyebaki ni batli.

Kwa programu za ASP.NET Core zinazoendeshwa ndani ya IIS, faili la web.config lina neno stdoutLogEnabled, ambalo kwa kawaida huwa «false». Fundi hulifanya «true», huhakikisha folda ya logs ipo, kisha huipa programu ruhusa ya kuandika humo. Programu ikianzishwa tena hueleza yenyewe kilichoizuia: pengine anwani ya hifadhidata imekosewa, pengine toleo linalohitajika halimo. Kosa likipatikana, batli hii ifungwe, kwani mafaili yake hayana kikomo na huweza kuijaza diski. Wako mafundi wanaopendelea kuyaacha maelezo yote yaonekane kwenye kioo cha kila mtumiaji. Huko ni kuanika siri za nyumba barabarani.

Lipo jambo jingine linalowahusu hasa wasemaji wa Kiswahili. Karani husema kwa simu kwamba programu imegoma saa nne asubuhi. Kwenye kompyuta yake ni 10:00. Lakini batli ya maombi ya IIS, katika muundo wa W3C, hufuata saa ya UTC, iliyo nyuma kwa saa 3. Humo tukio limeandikwa 07:00. Fundi wa ng'ambo hutafuta 04:00, hakuti kitu, naye hujibu kwamba seva ni nzima na mtandao wa kisiwani ndio mbovu. Mgonjwa hurudi Konde mikono mitupu.

Haifai, basi, taasisi ya Pemba itie sahihi mkataba wa kukodi seva bila kupewa haki ya kuisoma batli yake wakati wowote, na bila kujua huhifadhiwa kwa siku ngapi. Karani naye apewe daftari la karatasi, aandike tarehe, alilokuwa akilifanya, na saa kama inavyoonekana kwenye kioo cha kompyuta.