Kenya: Shule zilifunguliwa, swali la nani aamue labaki

Wanafunzi nchini Kenya walirejea madarasani Jumatatu, tarehe 13 Mei 2024, wiki mbili baada ya siku iliyopangwa kuanza muhula wa pili. Mafuriko yaliyoua watu zaidi ya 200 tangu mwezi Machi mwaka huo yaliiachia serikali swali ambalo litarudi kila masika: nani aamue kwamba shule zisifunguliwe, lini, na kwa maeneo gani?

Muhula ulikuwa uanze tarehe 29 Aprili. Tangazo la Waziri wa Elimu wa wakati huo, Ezekiel Machogu, la kuahirisha kwa wiki moja lilitoka usiku wa kuamkia siku hiyo. Baadhi ya wanafunzi wa shule za bweni walikuwa wamekwisha safiri, na wazazi wamekwisha lipa nauli. Alfajiri hiyohiyo maji yalivamia makazi ya Mai Mahiu, katika Bonde la Ufa, yakaua watu zaidi ya 40. Uamuzi wenyewe ulikuwa sahihi, ila ulichelewa.

Tarehe 3 Mei Rais William Ruto aliahirisha tena, safari hii bila kutaja siku ya kufungua, huku kimbunga Hidaya kikikaribia pwani. Kesho yake kimbunga hicho kilifika Mafia, nchini Tanzania, kikapoteza nguvu. Ni rahisi sasa kusema kwamba hofu ilizidi kiasi. Lakini tahadhari hupimwa kwa yale yaliyojulikana siku ilipochukuliwa, si kwa yale yaliyotokea baadaye. Tena kimbunga hakikuwa sababu pekee: kulikuwa na madarasa na vyoo vilivyoharibika, barabara zilizokatika, na shule zilizogeuka makao ya familia zilizopoteza nyumba.

Suala gumu zaidi ni la eneo. Amri ilikuwa moja kwa nchi nzima, ingawa mafuriko hayakuwa sawa kila mahali. Kwa shule za bweni, amri hiyo ina utetezi: mwanafunzi huweza kuishi kaunti moja akasoma nyingine, na hatari kubwa humkuta njiani. Kwa shule ya kutwa iliyo mahali pakavu, utetezi huo haupo. Huko, mtoto hupoteza masomo, na pengine mlo wa mchana, bila kuepushwa na hatari yoyote.

Njia ya kati ipo. Wizara inaweza kubaki na mamlaka juu ya shule za bweni, kwa sharti kwamba tangazo litoke siku kadhaa kabla ya safari. Shule za kutwa zinaweza kuachiwa wakurugenzi wa elimu wa kaunti, wakishauriana na walimu wakuu, ambao wanajua ni mto upi umefurika na ni daraja lipi limesombwa. Utaratibu huo ukiandikwa kabla ya masika yajayo, mzazi atajua mapema anasubiri neno la nani kabla ya kumpandisha mtoto basi.